Upepo wa Gurudumu la Mbele

Saa tatu asubuhi ya Jumapili, ndani ya banda la baiskeli lililopo mwisho wa barabara ya lami, walikuwepo watu saba. Inspekta, mwanamke wa makamo aliyepewa jukumu la kuchunguza kifo cha siku iliyotangulia. Koplo wake, mwenye daftari. Kiongozi wa misafara, ambaye banda lile na baiskeli zote zilizoning'inia ndani yake zilikuwa mali yake. Dereva wa pikapu ya misafara, kaka wa mke wa Kiongozi. Mlinzi wa msitu, mshika ufunguo wa lango. Dada wa marehemu. Na Fundi, aliyeketi juu ya kreti lililopinduliwa, akifuta spana ambayo ilikwisha takata zamani.

Katikati ya sakafu, juu ya turubai, ililazwa baiskeli ya marehemu. Lakiri ya polisi ilikuwa bado imebandikwa kwenye usukani. Gurudumu la nyuma lilikuwa mahali pake. La mbele lilikuwa limechomoka katika foki, ule uma wa chuma unaolishika, na Koplo alikuwa amelilaza kando, vilevile kama lilivyokutwa porini.

Marehemu alikuwa na duka la miwani mjini, na kila aliyemfahamu alimwita Miwani. Alikutwa jana saa nane mchana katika kilomita ya ishirini na nne ya njia ya changarawe, penye kona kali inayoshuka bondeni kuelekea mtoni. Shingo ilikuwa imevunjika. Njia ile haikuwa na gari hata moja. Ndiyo sifa yake na ndiyo biashara yake. Kwa hiyo tangu jana watu wote walikuwa na maelezo mamoja: gurudumu halikufungwa vizuri, likachomoka mteremkoni. Na magurudumu yote ya banda lile yalifungwa na mtu mmoja.

Juu ya benchi la kazi palikuwa na karatasi ya maelezo ya mtuhumiwa, imekwisha chapwa. Kosa lilitajwa kwa herufi kubwa: uzembe uliosababisha kifo.

"Mnangoja nini?" Dada aliuliza. Hakuwa amekaa tangu aingie. "Karatasi si hiyo hapo? Asaini, mmpeleke anakostahili."

"Nitasaini, dada yangu," Fundi alisema bila kuinua uso. "Nipeni kalamu tu."

"Kalamu ninayo mimi," Inspekta alijibu, "na sijamaliza kuitumia."

Alivuta kiti, akakaa, akanyoosha karatasi zake mpaka kingo zikalingana.

"Tutakwenda hatua kwa hatua. Nitakayemuuliza ndiye atakayejibu. Fundi, ukishafunga gurudumu, unajuaje kwamba umelifunga?"

"Naweka alama, Afande. Nukta ya rangi ya njano juu ya nati. Bila nukta, kazi haijaisha."

"Nati ya gurudumu la nyuma ina nukta. Ya mbele haina."

"Haina. Nimeiona."

"Na mimi ndiye niliyewaonyesha askari," Kiongozi aliingilia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikika mbele ya watu wengi. "Haikunipendeza hata kidogo. Fundi nimekaa naye miaka sita, ni kama ndugu. Lakini ukweli ni ukweli."

"Sijakuuliza bado," Inspekta alisema. "Fundi. Jioni ya Ijumaa, gurudumu hili ulilifunga?"

Spana ilisimama.

"Siku zote nafunga."

"Nimeuliza Ijumaa."

"Sikumbuki, Afande. Baiskeli zilikuwa sita, ya Miwani ya mwisho. Usiku kucha nimejaribu kuiona mikono yangu ikifunga ile nati. Siioni." Alitazama karatasi iliyokuwa juu ya benchi. "Nukta haipo. Basi sikufunga."

Dada aligeukia mlango.

Koplo aliandika. Inspekta aliweka tiki pembeni mwa swali la kwanza, akamgeukia Mlinzi.

Mlinzi alikuwa mzee mkavu mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alileta kitabu chake cha lango kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakifungua kwa heshima. Jumamosi: baiskeli sita, saa nne kasorobo, zimeingia. Kiongozi, Miwani, wageni wanne. Gari: hakuna.

"Una hakika?"

"Afande, pale lango la juu nipo mimi na redio yangu. Hata nyani akivuka namwandika. Gari liingie nisilione, labda lipite angani."

"Na lango la chini?"

"Lile halina mtu. Lina kufuli. Kutoka lango la juu hadi la chini ni kilomita thelathini na moja. Siwezi kuwa kote kote. Funguo zake ni mbili. Mmoja ninao kiunoni. Wa pili anao Kiongozi, wa dharura."

"Upo pale ukutani, kwenye msumari," Kiongozi alisema. "Haujashuka mwaka mzima."

Inspekta aliutazama ufunguo. Ulining'inia mahali ulipotajwa.

"Gari likikutwa ndani, inakuwaje?"

"Kibali cha misafara kinafutwa siku hiyohiyo," Mlinzi alijibu. "Imeandikwa, na imebandikwa langoni. Ndiyo maana nasema hakuna. Nani atajikata mkono wake mwenyewe?"

Jana, baada ya taarifa kutolewa, Mlinzi mwenyewe alikuwa amefungua lango la chini ili gari la wagonjwa lipite. Liliingia mpaka kwenye mwili, likageuza hapo hapo, likatoka. Saa kumi mvua kubwa ilinyesha juu ya yote. Alama za matairi, kama ziliwahi kuwepo nyingine, zilikuwa zimekwisha kwenda na maji. Inspekta aliliandika hilo pia, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuandika hata yale yasiyosaidia.

"Dereva. Jana ulikuwa wapi?"

"Kituoni, Afande. Kile kituo cha zamani cha reli, nje ya lango la chini. Nawasubiri pale na pikapu, na magurudumu ya akiba, na maji. Ndiyo kazi yangu."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa nne. Nikalala ndani ya gari."

"Mpaka?"

"Mpaka shemeji aliponipigia."

"Leo asubuhi umeosha pikapu."

Dereva aliitazama mikono yake. "Ilikuwa chafu."

"Imeoshwa mpaka chini ya madigadi, Afande," Koplo alisema. "Hata bampa imepigwa sabuni."

"Mimi nimeshangaa nilipofika," Mlinzi alisema. "Kumbe gari lile ni jeupe! Miaka yote najua ni la kahawia."

Koplo alicheka, akamwona Inspekta, akaacha.

"Mtu kuosha gari siku ya msiba ni kosa?" Kiongozi aliuliza. "Tulijua litabeba waombolezaji."

"Si kosa. Sasa ni zamu yako. Nataka unieleze safari kama unavyomweleza mgeni wa mara ya kwanza. Mimi sijawahi kupanda baiskeli ya namna hii. Usiruke kitu."

Ombi hilo lilimkaa vizuri. Kiongozi alisimama, akashika usukani wa baiskeli iliyokuwa karibu, na sauti yake ikapata ule mteremko laini wa maneno yaliyosemwa mara nyingi.

"Tunaanzia hapa. Kilomita tatu za kwanza ni lami, na juu ya lami tairi linatakiwa liwe gumu. Pauni sitini za upepo. Tukifika lango la juu, wote wanashuka. Pale ndipo lami inapokwisha na changarawe inapoanza, na pale tunatoa upepo. Tunashusha mpaka thelathini na mbili."

"Kwa nini?"

"Tairi laini linakumbatia kokoto, Afande. Gumu linadunda kama mpira, na kwenye kona linakutupa. Hakuna anayeingia msituni na tairi gumu katika msafara wangu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza."

"Upepo anautoa nani? Kila mtu wake?"

"La, la! Wageni siwaachii. Natoa mimi mwenyewe, kwa geji hii ya kupimia." Aliigusa mfukoni mwa fulana yake. "Tairi baada ya tairi."

"La marehemu pia?"

"La kwanza kabisa. Alikuwa na haraka kama kawaida."

"Hakupenda vumbi la wenzake," Dada alisema akiwa bado ameuelekea mlango. "Lilimchafulia miwani. Ndiyo maana alitangulia siku zote."

"Mbele na nyuma?" Inspekta aliuliza.

"Mbele na nyuma. Thelathini na mbili, thelathini na mbili. Waulizeni wageni."

"Wameulizwa. Wote wanne wanasema hivyohivyo. Koplo, umeandika?"

"Neno kwa neno, Afande."

"Endelea."

Kiongozi aliendelea. Msitu wa miti ya misindano kilomita kumi, ambamo husikii kitu ila minyororo na ndege. Kisha njia inaanza kufuata bonde la mto, kulia mwamba, kushoto maji. Kilomita ya ishirini na moja, penye kijito, msafara unapumzika na kula. Jana Miwani hakusimama. Alipunga mkono akapita. Wageni walipokuwa wakila, Kiongozi aliingiwa na wasiwasi, akapanda baiskeli kumfuata. Akamkuta konani.

"Wageni wanasema uliwaacha kwa nusu saa."

"Nilijaribu kumwamsha. Nilichanganyikiwa. Dakika sikuzihesabu."

"Inaeleweka." Inspekta aligeuza ukurasa. "Koplo, soma kile kipande kuhusu chakula, kutoka kwa yule mgeni mwalimu."

Koplo alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "'Tulifika penye kijito tukakuta meza imeandaliwa, ya mbao, na viti sita, na kitambaa cheupe. Tulifurahi sana kukutana na mambo hayo katikati ya msitu. Kiongozi alituambia ni zawadi ya nyumba.'"

"Ni huduma mpya," Kiongozi alisema. "Wageni wanaipenda."

"Nami ningeipenda," Inspekta alisema, akafunga jalada.

Aliinuka, akapiga goti kando ya turubai, akanyoosha mkono kwa Kiongozi bila kumtazama.

"Naomba geji."

Aliipokea. Akamgeukia Dada.

"Mama, naomba uje hapa. Nataka namba zisomwe na mtu ambaye hana sababu ya kumpendelea Fundi."

Dada alisita. Kisha alikuja, akachuchumaa, akapandisha miwani yake puani. Koplo aliondoa kofia ndogo ya vali ya gurudumu la nyuma, Inspekta akabana geji. Upepo ulilia kidogo, ukanyamaza.

"Soma."

"Thelathini na moja."

"La mbele."

Geji ilibanwa tena. Dada alitazama, akafuta lenzi kwa pembe ya kanga, akatazama tena.

"Hamsini na tisa."

Fundi aliinuka kutoka kwenye kreti, spana ikiwa imesahaulika mkononi.

"Labda alijaza njiani," Kiongozi alisema.

"Kwa pampu ipi?" Dada aliuliza. "Kaka yangu hakubeba hata chupa ya pili ya maji. Alisema uzito unamchelewesha. Akipata pancha alikaa chini akangoja mtu."

"Na hata angekuwa na pampu," Inspekta alisema, "angejaza tairi moja na kuacha jingine, katikati ya changarawe, ili limtupe konani? Fundi. Sahau Ijumaa. Jibu ninachokuuliza. Katika banda hili, gurudumu gani hukaa na pauni sitini?"

"La akiba, Afande." Sauti ya Fundi ilikuwa imebadilika, lilikuwa swali la kazi, na kazi aliijua. "Yale yanayoning'inia. Ukiliacha bila upepo, tairi linajikunja mahali pamoja na linapasuka. Kwa hiyo nayajaza mpaka sitini."

"Gurudumu likiharibika njiani, la akiba linafungwa vipi?"

"Nalishusha upepo kwanza. Thelathini na mbili. Ndipo nalifunga."

"Nani mwingine hulishusha?"

"Hakuna. Kwenye pikapu huwa ni mimi na Dereva, na yeye hashiki baiskeli. Kiongozi anatoa upepo langoni, mimi natoa wa akiba. Ndivyo ilivyo tangu nianze."

"Nukta ya njano unaiweka lini kwenye gurudumu la akiba?"

Fundi alitazama nati, safi, isiyo na rangi.

"Nikishalifunga," alisema polepole. "Kabla ya hapo halina nukta."

"Jana hukuwa kwenye pikapu."

"Niliambiwa nibaki bandani."

"Na nani?"

"Na bosi. Jumamosi tatu sasa. Alisema kazi ni nyingi huku."

"Tangu huduma ya meza ilipoanza," Inspekta alisema. "Magurudumu mangapi ya akiba yalitoka na pikapu jana?"

Fundi hakuhitaji kufikiri. Alivuta daftari lenye madoa ya grisi kutoka chini ya benchi. "Mawili. Nimeyapandisha mwenyewe."

"Koplo."

Koplo alitoka. Walisikia mlango wa nyuma wa pikapu ukishushwa, ukipandishwa. Aliporudi alibeba gurudumu moja.

"Ndoana mbili, Afande. Gurudumu ni hili moja tu."

"Dereva," Inspekta alisema. "La pili liko wapi?"

Dereva alikuwa ameegemea ukuta. Sasa alimgeukia Kiongozi.

"Shemeji, mimi siwezi," alisema.

"Nyamaza," Kiongozi alisema.

"Siwezi. Nilikwambia jana ileile, twende tukaseme. Nilikwambia au sikukwambia?" Alimgeukia Inspekta. "Meza niliipeleka asubuhi, kwa ufunguo ule wa msumarini, nikatoka. Niliambiwa nirudi kuichukua saa tisa, wageni wakishamaliza njia yote. Nikaona nikikaa mpaka saa tisa nitachelewa mjini, nikaingia saa saba. Nilijua wote bado wanakula. Yeye hakukaa kula. Alitokea konani kama risasi, Afande. Bampa ilimpiga, tairi langu likapanda gurudumu lake la mbele. Shemeji alikuja akatukuta."

"Na lile lililopondwa?"

"Mtoni. Chini ya daraja la mbao. Alibadilisha yeye. Mimi nati sijui kufunga."

"Hakufunga," Inspekta alisema. "Aliliweka tu kando ya foki. Ndiyo sababu halikuhitaji fundi, na ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka upepo."

Kiongozi hakukana. Alirudisha baiskeli aliyokuwa ameishika ukutani, akahakikisha imesimama.

"Alikuwa amekwisha kufa," alisema. "Nisingeweza kumrudisha. Njia hii inalisha familia saba, Afande. Kibali kikifutwa, zote saba zinalala njaa. Nilifikiri uzembe ni kosa dogo. Faini, au miezi kadhaa. Ningemtunzia watoto."

"Katika hizo saba," Inspekta aliuliza, "ya Fundi uliihesabu?"

Inspekta alichukua karatasi iliyochapwa kutoka juu ya benchi, akaikunja mara mbili, akaitia katika jalada. Dada alikuwa amesimama mbele ya Fundi. Alichukua spana kutoka mkononi mwake na kuiweka juu ya benchi, kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika.

"Nilikwambia maneno mabaya jana hospitalini," alisema. "Mbele ya mkeo."

"Hata mimi niliyaamini, dada yangu," Fundi alisema.

Inspekta aliushusha ufunguo kutoka kwenye msumari, akautia ndani ya bahasha, akaandika saa. Kisha akageuka ili wote wamwone.

"Naomba mnisikilize, nitasema mara moja. Fundi hana kesi. Kiongozi na Dereva wanakwenda kituo cha polisi na gari letu, sasa hivi, na askari aliyepo nje. Mlinzi, kibali kimesimamishwa. Utabandika tangazo kwenye malango yote mawili. Mama, taarifa ya daktari itaandikwa upya, na mtazika mkiwa na sababu ya kweli."

"Na meza, Afande?" Koplo aliuliza. "Viti?"

"Bado vipo pale kijitoni. Tangu jana hakuna gari lililopita kilomita ya ishirini na nne kwenda juu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuvitoa. Navitaka vikiwa mahali pake, na gurudumu nalitaka kutoka mtoni. Tunaondoka baada ya nusu saa: mimi, Koplo, Mlinzi wa kutufungulia, na Fundi wa kutuongoza, akikubali."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Basi nichagulie baiskeli ya kimo changu, na ya Koplo," Inspekta alisema, "na tukifika langoni ututolee upepo. Gari halitaingia mle. Hata letu."